Mwenye Kuacha Bangi na Taabu za Siku za Kwanza

Bismillahi Rrahmani Rrahim. Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, na sala na salamu zimshukie Mtume wetu Muhammad, na aali zake na sahaba zake wote.

Amma baad. Tumeletewa suali na mmoja katika ndugu zetu, naye ni mtu mzima, ana mke na watoto, na riziki yake ni ya baharini. Asema kwamba alianza kuvuta bangi angali kijana, na leo yapata miaka 18. Na kwamba Ijumaa moja baada ya sala alitubia, akaitupa iliyobaki, akaazimia asiirudie. Siku ya kwanza alijiona mwepesi, akamshukuru Mola wake. Siku ya pili alishikwa na kichwa. Usiku wa tatu hakulala, na alipopata lepe la usingizi karibu na alfajiri aliota ndoto za kutisha, akaamka amerowa jasho kama mtu aliyetoka majini. Chakula hakipiti. Mtoto akilia, yeye huona kana kwamba nyumba yamwangukia. Mama yake amesema kuwa ni pepo aliyekuwa akitulizwa na ule moshi, na sasa amenyimwa chake. Rafiki zake wa maskani wamemwambia kwamba mwili wake umekwisha kuzoea, na akishikilia kuacha atakufa au atashikwa na wazimu. Na yeye mwenyewe amepitiwa na wazo lililo baya kuliko hayo mawili, nalo ni kuwa huenda toba yake haikukubaliwa, kwani lau ingalikubaliwa angaliona raha. Yu katika usiku wa nne, na auliza: afanyeje, na je, yajuzu kuvuta kidogo kwa dharura?

Tumeona kwamba suali hili lastahiki kujibiwa kwa waraka mzima, kwani muulizaji si peke yake. Na ukweli yatupasa tuuseme, ijapokuwa watuchoma sisi wenyewe: tunaowaidhi watu tumezoea kumpigia kelele mvuta bangi aache, na akiisha kuacha tukamwacha yeye. Hotuba za kukataza ni nyingi. Hotuba ya kumweleza mtu litakalompata usiku wa nne, hatujaisikia. Basi hutoka msikitini na azma njema, akakutana na adui asiyemjua jina, akadhani ni mauti, au ni jini, au ni ghadhabu ya Mola wake. Na aliye karibu naye usiku ule, mwenye dawa tayari mkononi, ni yule yule aliyempa msokoto wa kwanza.

Ama hukumu ya bangi, hapana haja ya kuirefusha, kwani muulizaji aijua, nayo ndiyo iliyomtoa. Abu Daud amepokea kutoka kwa Bibi Ummu Salama kwamba Mtume (s.a.w.) alikataza kila chenye kulevya na kila chenye kulegeza. Badruddin Zarkashi, naye ni katika wanavyuoni wakubwa wa madhehebu yetu ya Imamu Shafi, aliyefariki mwaka wa 794 wa Hijra (1392), aliandika risala nzima juu ya uharamu wa hashishi, nayo ndiyo hii bangi yetu. Na Ibn Hajar wa Makka aliitia hashishi pamoja na afyuni katika hesabu ya madhambi makubwa, katika kitabu chake Zawajir. Na mwenye kusema kwamba bangi ni majani tu, na majani ameyaumba Mungu, basi na sumu pia ameiumba Mungu, wala hatumwoni akiinywa.

Tuje kwenye jambo lenyewe. Taabu apatazo mwenye kuacha zajulikana na matabibu. Vijana wa mitaani huziita arosto, na jina hilo hulitumia zaidi kwa watu wa unga. Wako waliokuwa wakisema miaka mingi kwamba bangi haina arosto. Lakini matabibu wa Marekani waliiandika katika kitabu chao cha maradhi ya akili mwaka wa 2013, wakazitaja alama zake moja moja: hasira, wasiwasi, kukosa usingizi na kuota ndoto mbaya, kukosa hamu ya chakula, kutotulia, huzuni, na mwilini maumivu ya tumbo, kutetemeka, jasho, homa, baridi na kichwa. Msomaji azilinganishe na barua ya ndugu yetu.

Sababu yake ni hii. Katika bangi mna kitu kiitwacho THC, ambacho wataalamu wawili, Mechoulam na Gaoni, walikitenga mwaka wa 1964, nacho ndicho chenye kulevya. Na katika ubongo wa mwanadamu mna mfano wa milango midogo midogo ambayo Mwenyezi Mungu ameiweka kwa ajili ya kitu kinachofanywa na mwili wenyewe, na kitu hicho kilivumbuliwa mwaka wa 1992. Kazi yake ni kutuliza: chasaidia katika usingizi, na katika hamu ya chakula, na katika kupunguza hofu. Sasa mtu avutapo bangi kila siku, milango ile huingiwa na mgeni mwenye nguvu kuliko mwenyeji. Ubongo ukiona umezidiwa, huifunga baadhi ya milango ili ujihifadhi. Na ndiyo maana mvutaji wa zamani huhitaji misokoto mitatu kupata alichokuwa akikipata kwa mmoja. Siku aachapo, mgeni ameondoka, na milango mingi ingali imefungwa, na mwenyeji hana pa kuingilia. Hapo usingizi hukosekana, chakula huchukiza, hofu huingia pasi na sababu, na hasira hupanda kwa neno dogo.

Lakini milango ile haikuvunjika, imefungwa tu. Wataalamu huko Marekani wamewapiga watu wavutao kila siku picha za ubongo, kabla ya kuacha na baada yake, na matokeo yakatolewa mwaka wa 2012 na tena mwaka wa 2016. Wakaona kwamba milango yaanza kurudi baada ya siku 2, na baada ya wiki 4 hivi sehemu kubwa ya ubongo imekaribiana na ya mtu asiyevuta.

Basi taabu hii ina hesabu ya siku, na hilo ndilo tulitakalo kulitia katika moyo wa muulizaji kabla ya jingine lolote. Kwa watu wengi huanza ndani ya siku moja au mbili, hupanda hata ikafika ukali wake kati ya siku ya pili na ya sita, kisha huteremka, na nyingi katika hizo alama huwa zimekwisha wiki ya pili au ya tatu. Usingizi na ndoto hukawia kuliko vyote, pengine mwezi na zaidi. Wala si kila mtu hupatwa: hesabu iliyokusanywa kutoka tafiti nyingi na kutolewa mwaka wa 2020 ilikuta kwamba ni karibu nusu ya wavutaji wa kudumu. Ndugu yetu ni mtu wa bahari, na atatufahamu tukimwambia kwamba yuko katikati ya mkondo, pale maji yavutapo zaidi. Akirudi nyuma leo, atayakuta maji yale yale siku nyingine. Akivuta usiku wa nne, hesabu humrudisha mwanzo. Amezilipa siku zilizo ghali kuliko zote, na hakununua kitu.

Ama neno la mama yake, hatumvunjii heshima mzazi, wala hatukanushi kuwapo kwa majini, kwani Qurani imewataja. Lakini alama hizi huwapata Waislamu na Wakristo na Wahindi na wasio na dini, hapa na Ulaya, kwa siku zile zile na kwa mpango ule ule. Ni jini gani huyu mwenye kalenda, ashikaye watu wa kila mila siku ya pili akawaachilia wiki ya tatu? Mgonjwa asomewe Ayatul Kursi na Falaki na Nasi, na wakitaka wamwandikie kombe la zafarani anywe. Hayo ni kheri, na moyo hupoa kwa hayo. Lisilofaa ni kumfunga kamba, au kumpiga ili pepo atoke, au kumnywesha mizizi isiyojulikana. Na tunawatahadharisha watu na mganga atakaye mbuzi na kitambaa na fedha: atamtibu wiki tatu, na wiki ya tatu mgonjwa atapona kama ambavyo angalipona bila mbuzi, na sifa ataichukua mganga.

Ama kusema kwamba atakufa, na kuuliza juu ya dharura, hapa pana masala ya fikihi ambayo wengi huyasikia nusu. Ibn Hajar huyo huyo tuliyemtaja, ambaye Tuhfa yake yategemewa sana na wanavyuoni wetu, aliulizwa juu ya mtu aliyezoea afyuni hata akawa asipoila ataangamia. Jawabu yake ni kwamba likijulikana hilo kwa yakini, basi yamhalalikia, bali yamlazimu kula, kwa hukumu ya nyamafu kwa mwenye njaa ya kufa. Lakini yamlazimu pia kuipunguza kidogo kidogo mpaka tumbo liizoee hali ya kuikosa, na asipofanya hivyo ana dhambi. Ibn Abidin wa Damasku, naye ni Hanafi, ameinakili fatwa hii katika kitabu chake. Basi wavuta bangi hushika nusu ya kwanza, wakasema, "Sisi tuna dharura."

Jawabu: sharti ya fatwa ni yakini ya kuangamia, na kwa bangi sharti hiyo haipo. Kuacha bangi kwachosha, kwaudhi, kwakondesha, lakini hakuui. THC hukaa katika mafuta ya mwili na hutoka polepole kwa siku nyingi, na kwa hivyo mwili haukatiwi kwa ghafula kama ukatiwavyo katika ulevi mwingine. Wala hapana njia hapa ya kusema, "Nitapunguza." Tumewaona wanaopunguza, miaka 10 wapunguza, na misokoto i pale pale.

Lakini tuwe waangalifu, kwani neno hili tumelisema juu ya bangi peke yake. Aliyekuwa akinywa pombe nyingi kila siku kwa muda mrefu, au akimeza vidonge vya usingizi, huyo akiacha kwa ghafula aweza kushikwa na kifafa na akafa kweli. Yampasa aende kwa tabibu kwanza, apunguziwe kwa mpango. Huko ndiko mahali pa fatwa ya Ibn Hajar. Na mtu wa unga naye ana dawa yake, iitwayo methadoni, ambayo Muhimbili walianza kuitoa mwaka wa 2011, na baadaye ikafika Unguja na pwani ya Kenya. Wako wengi ambao huchanganya, na huyataja mambo ya bangi kwa kuwa ni mepesi kusema, wakayaficha mengine. Mbele ya tabibu asifiche, kwani kuficha huko kwaweza kumgharimu roho. Ama bangi yenyewe, haijapatikana dawa maalumu iliyothibitishwa ya kuondoa arosto yake, na mwenye kuuza chupa na kudai hivyo ajua anachouza.

Tumebaki na lile la tatu, nalo ndilo zito, kwa kuwa limezaliwa ndani ya moyo wa mtu mwenye kutubia. Imamu Nawawi ameeleza katika Riyadh-s-Salihin kwamba sharti za toba, katika jambo lililo baina ya mja na Mola wake, ni tatu: kuliacha dhambi, kulijutia, na kuazimia kutolirudia. Tafuta katika hizo tatu iliyosema kwamba mwenye kutubia ataona raha siku ya nne, hutaiona. Jasho lako si barua ya kukataliwa. Mtu aliyekwisha kulipa deni la miaka 18 kwa siku chache, ni ajabu gani mfuko wake ukiwa mtupu kwa muda?

Na hapa yataka kuondoa kosa lililoenea katika mabaraza yetu. Watu husikia hadithi aliyoipokea Tirmidhi, kwamba mwenye kunywa ulevi haikubaliwi sala yake siku 40, basi huambiana, "Ngoja siku arubaini zipite ndipo uje msikitini." Wakomea nusu ya hadithi! Hadithi yenyewe yaendelea kwamba akitubia Mwenyezi Mungu humkubalia. Na wanavyuoni wameeleza kuwa maana ya kutokubaliwa ni kukosa thawabu, si kuondokewa na faradhi. Kumzuia mtu na msikiti siku 40 za kwanza ni kumnyima mlango mmoja uliofunguka usiku wakati milango mingine yote imefungwa. Na atakayekuja akasema kwamba wiki 4 za matabibu na siku 40 za hadithi ni muujiza mmoja, tutamwomba asituletee hayo. 28 si 40, na hadithi ya Mtume haihitaji kusukumwa ili isadikiwe.

Sasa tuseme afanyeje.

Kwanza usingizi. Asilale mchana ila kidogo kabla ya adhuhuri au baada yake. Kahawa aiache tangu alasiri, na hili twajua ni gumu kwa watu wetu, kwani baraza bila ya dele la kahawa si baraza. Lakini mtu mwenye kulalamika kwamba halali, naye amekunywa vikombe vitano baada ya Isha, amlaumu nani? Atembee ufukweni jioni mpaka achoke, aoge maji ya moto, na alale wakati mmoja kila siku. Usingizi ukikataa asikae kitandani akipigana nao. Aondoke, achukue udhu, asali au asome, arudi ukimjia. Vidonge vya usingizi asinunue dukani bila ya tabibu, kwani atakuwa ametoka shimoni na kuingia kisimani.

Ndoto mbaya zina sababu yake: bangi huuzuia ule usingizi wa kuota, na ikiondoka, ndoto zilizozuiliwa hurudi kwa wingi na kwa nguvu. Wengi huota kwamba wavuta, wakaamka kwa hofu wakidhani wamevunja toba. Hapana. Kalamu imeinuliwa kwa aliyelala mpaka aamke. Afanye alivyofundisha Mtume (s.a.w.) kwa mwenye kuota vibaya: ateme mate mepesi kushotoni mara tatu, ajikinge kwa Mwenyezi Mungu na shetani, ageuze ubavu, wala asimhadithie mtu.

Chakula kikikataa, asilazimishe sahani ya pilau. Uji, madafu, supu ya samaki, ndizi na machungwa, kidogo kidogo mara nyingi, mpaka hamu irudi. Maji anywe mengi kwa sababu ya jasho. Na aliyekuwa akichanganya bangi na tumbaku ajue kwamba ana arosto mbili katika mwili mmoja, na nusu ya anayoyaona huenda ni ya tumbaku. Asije akaacha bangi kisha akavuta pakiti mbili za sigara badala yake, au akahamia kwenye mirungi kwa kuwa mchana ni mrefu.

Pili hasira, na hapa twaomba tusomwe kwa makini. Wiki mbili za kwanza mtu huyu ulimi wake hauko katika mamlaka yake kama siku zote. Katika madhehebu yetu hasira haizuii talaka, madamu mtu ajua asemalo. Neno moja siku ya tano, kwa sababu ya mchuzi uliozidi chumvi, laweza kuivunja nyumba ambayo bangi ya miaka 18 haikuivunja. Na mchana wa pili akaja kwa kadhi akilia kwamba hakukusudia. Basi kabla ya kuanza, au leo hii akiwa amekwisha kuanza, akae na mkewe amwambie waziwazi: "Siku hizi mpaka mwezi uishe nitakuwa mkali pasi na sababu, si wewe, ni kitu ninachokiacha. Ukiniona nimebadilika nitatoka nje, usinifuate kwa maneno." Kisha atoke kweli. Mtume (s.a.w.) amefundisha kwamba aliyekasirika akiwa amesimama akae, na ikiwa haikumtoka alale. Na mambo makubwa, kama kuuza chombo, kuacha kazi, kugawana na ndugu au kuoa mke wa pili, yote ayaakhirishe mpaka mwezi upite.

Tatu marafiki. Katika Bukhari na Muslim mna kisa cha mtu wa Bani Israili aliyeua watu mia kisha akataka kutubia. Yule mwanachuoni aliyemwongoza hakumtosheleza kwa kumwambia kwamba toba ipo. Alimwamrisha autoke mji wake, kwa kuwa ni mji mbaya, aende kwa watu wengine wamwabuduo Mwenyezi Mungu. Ndugu yetu hatumwambii ahame mji. Kwake yeye kuhama ni mwendo wa mitaa miwili: abadili baraza, abadili njia ya kurudia nyumbani, na nambari ya muuzaji aifute katika simu yake. Kile kikopo na karatasi za kusokotea asivibakishe nyumbani kwa hoja ya kujijaribu. Saa aliyozoea kuvuta, na kwa wengi ni baada ya Magharibi, iwe na kazi maalumu, darsa au mazoezi au kushona nyavu, kwani hamu huja kama wimbi: huinuka, husimama, kisha huvunjika, na aliyejishika kwa nusu saa huikuta imepita.

Nne Ramadhani. Wako wasemao, "Mimi naweza kuacha, kila Ramadhani huacha." Kisha ukiuliza, waambiwa kwamba huacha mchana, na baada ya futari huvuta. Huyo hakuacha, amehamisha saa tu, na kila alasiri huanza kuonja taabu ya siku ya kwanza, na kila usiku huirudisha nyuma. Na ile ada yetu mbaya ya vunja jungu, ya kuvuta siku za mwisho za Shaabani kana kwamba mtu aweka akiba, huufanya mwezi uanze kwa kichwa na ugomvi. Mwenye azma ya Ramadhani aanze kuacha mapema katika Shaabani, ili siku ya pili mpaka ya sita zimpitie akiwa aweza kunywa maji mchana na kula kidogo kidogo, na mwezi umkute mkondo uko nyuma yake.

Yako mambo ambayo hayangojwi. Akianza kusikia sauti ambazo wenziwe hawazisikii, au akawadhania watu wote kwamba wamfuata, au akakosa kuwatambua watu wake, au akazungumza juu ya kujiua, apelekwe hospitali siku ile ile, wala jamaa wasione haya. Vivyo hivyo mwenye kutapika pasi na kukoma. Na wapo wavutaji wa miaka mingi wapatwao na kutapika ambako hupungua kwa kuoga maji ya moto tu, na hilo huletwa na bangi yenyewe na huisha kwa kuiacha, lakini mwili usiachwe ukaukiwe na maji. Unguja na Mombasa pia ziko nyumba ambamo waliokwisha kuacha ulevi hukaa pamoja na kusaidiana, na kwa asiye na utulivu nyumbani kwake hizo ni kheri.

Na akianguka? Twasema akianguka, ainuke siku ile ile, wala asiseme, "Nimekwisha kuharibu, nimalizie mwezi." Imamu Nawawi ameeleza katika sherehe yake ya Sahihi Muslim kwamba dhambi ijapokuwa imerudiwa mara mia au elfu, na mtu akatubia kila mara, toba yake yakubaliwa. Na nyinyi mlio jirani zake katika safu, msisogee mbali naye. Bukhari amepokea khabari ya mtu aliyekuwa akiletwa mara kwa mara kupigwa kwa sababu ya ulevi, na mmoja akamlaani, Mtume (s.a.w.) akakataza asilaaniwe, akashuhudia kwamba mtu yule ampenda Mwenyezi Mungu na Mtume wake. Na hapo alikuwa bado hajaacha!

Limebaki moja ambalo muulizaji hakuliuliza, nalo lina dhima yake. Sala zilizompita kwa ajili ya bangi, pamoja na zile za nyakati alizokuwa amelewa hajijui, zote ni deni, kwani aliyepoteza akili yake kwa hiari yake hasamehewi sala. Akadirie kwa dhana yake iliyo kubwa, kisha alipe. Sala za faradhi za siku moja ni rakaa 17. Kadha husaliwa saa yoyote, usiku na mchana, haina wakati wa kuchukiwa katika madhehebu yetu. Ndugu yetu asema kwamba usiku wake umekuwa mrefu na hana la kufanya nao. Akiondoka kitandani saa nane akasali rakaa 17, amelipa siku moja kamili, na ikiwa usingizi bado haujaja, aanze siku ya pili. Wallahu aalam.